Koleo la Mwanga: Istilahi za Fizikia ya Chembe Ndogo na Kipimo cha Kasesya

1. Utangulizi



Mada ya mhadhara huu huenda ikaonekana ngeni katika mfululizo wa mihadhara ya taaluma za Kiswahili. Tumezoea kusikia hapa habari za ushairi, za lahaja na za kamusi. Leo nakusudia kuzungumzia jambo linalotendeka katika maabara za fizikia: kukamata chembe ndogo sana kwa mwanga, kuishikilia isianguke wala isikimbie, na kuituliza mpaka tabia zake za kikwanta zianze kuonekana. Hata hivyo, hoja yangu ni ya lugha. Nashikilia kwamba istilahi bora ya sayansi ni ile inayobeba namna kitu kinavyotenda kazi, si ile inayofasiri tu jina lake la kigeni. Na kwamba katika uwanja huu mpya Kiswahili tayari kina maneno yanayoifanya kazi hiyo vizuri kuliko tunavyodhani.

Ili hoja isielee hewani, nimeichagulia mahali pa kusimama. Kasesya ni kituo cha mpakani katika Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa. Ng'ambo yake ni Zambia. Katika eneo hilo mtoto anaweza kuzungumza Kifipa au Kimambwe nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari na kukuta fizikia ikifundishwa kwa Kiingereza. Ng'ambo ya mpaka, Wamambwe wenzake wanakutana na Kibemba na Kiingereza. Basi nitatumia kipimo kimoja tu, nacho nakiita kipimo cha Kasesya: je, istilahi tunayoipendekeza inaweza kuelezwa kwa mwanafunzi huyo kwa kutumia vitu anavyovijua kwenye uwanda wa Ufipa, bila kumlazimisha kukopa lugha nyingine ili aielewe ile ya kwanza?

Wakati wa kuuliza swali hili ni mwafaka. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, yaani miaka 4 tu baada ya majaribio makuu nitakayoyaeleza. Msingi uliwekwa, jengo linahitaji kuendelezwa.

2. Mwanga una kani

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba mwanga husukuma. Mwanzoni mwa karne ya 17 Johannes Kepler alitambua kwamba mkia wa kimondo chenye mkia huelekea upande usio wa jua, akahisi kwamba mwanga wa jua ndio unaousukuma. Mwaka 1873 James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba mwanga lazima uwe na msukumo, na mwaka 1901 Pyotr Lebedev wa Urusi akaupima katika maabara.

Hapa tunakutana na istilahi yetu ya kwanza, nayo ni ya kujivunia. Wanafizikia wa Kiswahili huita msukumo unaotandazwa juu ya eneo fulani kanieneo. Neno hili limeundwa kwa maneno mawili, kani na eneo, na mwenye kulisikia hupata ndani yake kanuni yenyewe: kani ikigawanywa kwa eneo. Jina la Kiingereza la dhana hiyo halimpi mwanafunzi msaada huo. Kwa hiyo tunaweza kusema kanieneo ya mwanga, na maana ikakamilika.

Kanieneo hiyo ni ndogo kiasi gani? Mwanga wa jua ukianguka wima juu ya ubao mweusi wenye ukubwa wa mita 1 ya mraba, huusukuma kwa kani inayolingana na uzito wa karibu nusu miligramu. Uzito huo haufikii ule wa punje moja ya ulezi. Ndiyo maana hatuangushwi na jua la mchana. Lakini kitu kikiwa chepesi vya kutosha, mambo hubadilika. Mama anayepeta ulezi kwa ungo hauhitaji upepo wa dhoruba. Upepo mwanana hupeperusha makapi kwa sababu makapi ni mepesi. Chembe ya kioo yenye kipenyo cha mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ni makapi mbele ya mwanga wa leza. Mwanga mkali wa leza ukikusanywa juu yake, unaweza kuisukuma kwa kani inayozidi uzito wake mara maelfu.

Leza ndiyo iliyokosekana tangu enzi za Maxwell. Ilipopatikana mwaka 1960, ukawapo mwanga ulionyooka, wenye rangi moja, unaoweza kukusanywa katika nukta ndogo sana. Mtu aliyeitambua fursa hiyo alikuwa Arthur Ashkin wa maabara za Bell nchini Marekani.

3. Namna mwanga unavyoshika

Mwaka 1970 Ashkin alitangaza matokeo ya majaribio yake ya kusukuma vijipira vidogo ndani ya maji kwa mwali wa leza. Alitazamia visukumwe mbele, navyo vikasukumwa. Lakini aliona pia jambo ambalo hakulitazamia: vijipira vilivyokuwa pembeni mwa mwali vilivutwa kuingia katikati yake, mahali penye mwanga mkali zaidi. Kusukumwa ni jambo moja. Kuvutwa ni jingine. Ufundi wote wa kushika kwa mwanga unasimama juu ya tofauti hiyo.

Maelezo yake si magumu. Kijipira cha kioo ni lenzi ndogo: mwanga ukipita ndani yake hupinda. Kitu kinachoupinda mwanga kuelekea kulia, chenyewe husukumwa kuelekea kushoto, kama vile mtu anayerusha mzigo kutoka kwenye mtumbwi unavyomrudisha nyuma mtumbwi huo. Kijipira kikiwa pembeni mwa mwali, upande mmoja hupata mwanga mwingi na upande wa pili mchache. Misukumo ya pande mbili hailingani, na tofauti yake hukipeleka kijipira penye mwanga mwingi. Kikishafika katikati, misukumo hulingana, nacho hutulia. Kikiyumba, hurudishwa.

Mwaka 1986 Ashkin, pamoja na Joseph Dziedzic, John Bjorkholm na Steven Chu, alionyesha kwamba mwali mmoja tu, ukikusanywa kwa lenzi kali ya hadubini, unatosha kuishika chembe kutoka pande zote. Mvuto wa kuelekea kwenye nukta yenye mwanga mkali hushinda msukumo wa kwenda mbele. Mwaka uliofuata alitumia mbinu hiyo kushika bakteria na virusi vikiwa ndani ya maji. Kwa kazi hiyo alipata nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 96.

Sasa tumpelekee mwanafunzi wetu wa Kasesya. Tukimwambia kwamba chembe iko ndani ya mtego, atafikiri juu ya kamba na mnyama aliyenaswa. Picha hiyo haimfai, kwa maana hapa hakuna kamba wala ukuta. Lakini anaijua nchi yake. Uwanda wa Ufipa una mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, na upande wa mashariki ardhi hushuka ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Ziwa Rukwa, lililo kwenye mwinuko wa mita 800 hivi. Maji ya upande huo hushuka, hufika ziwani, na huko hukaa, kwa sababu Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Hakuna aliyeyafunga maji hayo. Ni umbo la nchi linaloyarudisha chini kila yanapotaka kupanda. Mto Kalambo, kwa upande wake, huporomoka kwenye maporomoko ya zaidi ya mita 200, ukaingia Ziwa Tanganyika. Na ziwa hilo lina njia ya kutokea, Mto Lukuga, unaokwenda Kongo.

Nukta ya leza ni Rukwa ya chembe. Mwanga hutengeneza bonde lisiloonekana, na chembe huviringika hadi chini yake. Wanafizikia hulipima bonde hilo kwa nishati, si kwa mita: chembe yenye nishati ndogo hubaki ndani, na yenye nishati kubwa hupanda ukingo ikatoroka. Kwa hiyo napendekeza tuseme bonde la nishati. Istilahi hii inapita kipimo cha Kasesya bila taabu, na inatufikisha mahali pafuatapo: ili chembe ikae bondeni, hapana budi ipoe.

4. Kupoa: neno lililotangulia fizikia

Hewa ya chumba hiki inaonekana tulivu, lakini atomi zake hukimbia kwa mamia ya mita kila sekunde. Ndivyo joto lilivyo: ni mchafuko wa mwendo wa chembe. Kupunguza halijoto ni kupunguza mwendo huo. Atomi moja ni nyepesi na ya mbio kiasi kwamba bonde la mwanga haliwezi kuishika kabla haijapunguzwa mwendo. Ilibidi, basi, mwanga uleule unaoshika ufanywe pia kuwa mwanga unaopoza.

Njia yake inatokana na jambo linalofahamika barabarani. Lori linalokuja likipiga honi husikika kwa sauti nyembamba. Likishakupita, sauti huwa nzito. Mwanga nao hubadilika hivyo kwa kitu kilicho mwendoni. Kila atomi hupokea mwanga wa rangi zake maalumu tu. Watafiti huichagua leza yenye rangi iliyo chini kidogo ya ile inayopokelewa na atomi. Atomi iliyotulia haiijali leza hiyo. Lakini atomi inayoikimbilia leza huuona mwanga ukiwa umepanda hadi rangi yake, ikaupokea, na kila inapopokea fotoni moja hupigwa kofi dogo la kuirudisha nyuma. Baadaye huutoa mwanga huo kuelekea upande wowote, hivyo makofi ya kutoa hufutana, na makofi ya kupokea hujumlishana. Leza zikiwekwa pande zote 6, yaani mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini, atomi huzuiwa kila inakoelekea.

Atomi ya sodiamu hupungukiwa na mwendo wa sentimita 3 kwa sekunde kwa kila fotoni moja. Kwa kuwa katika halijoto ya kawaida hukimbia zaidi ya mita 500 kwa sekunde, fotoni zipatazo 20,000 zinahitajika ili kuituliza, na kazi yote inaweza kumalizika katika muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwaka 1985 Chu na wenzake walizipoza atomi za sodiamu kwa njia hii hadi sehemu 240 kati ya milioni za kelvini 1 juu ya sifuri kamili, ambayo ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Mwendo wao ulibaki chini ya mita 1 kwa sekunde, yaani pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea. William Phillips alipima halijoto za chini zaidi ya zile zilizotazamiwa na nadharia, na Claude Cohen-Tannoudji, aliyezaliwa Constantine nchini Algeria mwaka 1933, alishiriki kueleza sababu. Hao watatu walipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1997. Mwana mwingine wa Afrika ya Kaskazini, Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca mwaka 1944, aliipata mwaka 2012 pamoja na David Wineland kwa mbinu za kupima na kutawala mfumo mmojammoja wa kikwanta.

Hebu sasa tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili, chai hupoa, na mtu mwenye hasira pia hupoa. Jeraha hupozwa. Mji uliokosa harakati husemwa kuwa umepoa. Aidha, kitenzi pooza kina maana ya kukifanya kitu kiwe baridi, na pia maana ya kiungo kukosa uwezo wa kusogea. Mwanaisimu huona hapa uga mmoja wa maana, ambamo ubaridi na utulivu havitenganishwi. Fizikia ilihitaji karne ya 19 nzima ili kuthibitisha kwamba joto ni mwendo. Sidai kwamba wahenga wetu waliijua nadharia hiyo. Nadai jambo dogo zaidi na la hakika zaidi: kwamba mwalimu anayesema atomi imepoa, kwa Kiswahili, amekwisha kusema kwamba imetulia. Nusu ya somo imo ndani ya kitenzi.

Utulivu huo una kikomo. Fizikia ya kwanta inafundisha kwamba chembe iliyo bondeni haiwezi kutulia kabisa. Hata katika ngazi ya chini kabisa ya nishati hubakiwa na mtetemo usioondoleka. Kuifikisha chembe kwenye ngazi hiyo ni mlango wa utafiti wa kikwanta. Mwaka 2020 watafiti wa Vienna walitangaza kwamba wameifikisha huko punje ya silika iliyoshikwa kwa mwanga ndani ya ombwe. Punje hiyo ilikuwa na atomi zipatazo milioni 100, na mtetemo wake ulipozwa hadi sehemu 12 kati ya milioni za kelvini 1. Kinachotafutwa ni kikubwa: kujua kama kanuni zinazotawala atomi moja zinaendelea kutawala vitu vikubwa zaidi na zaidi, au kama kuna mahali zinapokoma.

5. Kutoka kwa wauza aiskrimu wa Tanga hadi maabara

Huenda msikilizaji akasema kwamba haya yote ni ya Vienna na Marekani, na kwamba sisi tunatafuta tu majina ya vitu vya watu. Sivyo. Mojawapo ya maswali yanayochunguzwa leo kwa chembe zilizoshikwa na mwanga liliulizwa na mwanafunzi wa Tanganyika, na duniani kote lina jina lake.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye jokofu ungali wa moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye aliambiwa na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga kwamba yeye huuweka mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa kuwa huganda upesi. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyewatembelea. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni na kuagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Tangu wakati huo maji yenyewe yamekuwa shahidi mwenye kigeugeu. Mvuke, gesi zilizoyeyuka, umbo la chombo na mahali pa kipimajoto huvuruga matokeo, na mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, baada ya vipimo vya makini, walisema hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa tokeo hilo katika maji. Ilihitajika njia safi zaidi ya kuuliza. Mwaka 2020, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer waliitumia chembe moja ndogo ya kioo ndani ya maji, wakiitawala kwa mwali wa leza, na kulitengeneza bonde la nishati lenye mashimo mawili yasiyolingana kina. Waliianzisha chembe mara nyingi, mara nyingine kana kwamba imetoka kwenye halijoto ya juu na mara nyingine ya wastani, wakipima muda wa kufikia mgawanyo wa kawaida wa hali zake. Katika masharti fulani, iliyoanza na halijoto ya juu ilifika kwanza, tena kwa tofauti kubwa.

Sababu yake tunaweza kuieleza kwa nchi ya Ufipa. Wasafiri wawili wanateremka kwenda ziwani. Mmoja ameanza karibu, lakini njia yake inampitisha kwenye kibonde cha kando ambacho kutoka kwake ni kwa shida. Mwingine ameanza mbali na juu zaidi, na mteremko wake unamfikisha chini bila kupita kibondeni. Aliyetoka mbali hutangulia. Umbali wa kuanzia hautoshi kuamua nani atafika kwanza. Umbo la njia nalo huamua.

Mwaka 2024 swali hilo likaingia rasmi katika fizikia ya kwanta ya ioni. Watafiti waliotumia safu ya ioni 12 huko Innsbruck, Austria, waliona kwamba hali iliyoanza mbali zaidi na ulinganifu iliweza kuurudia ulinganifu huo upesi kuliko iliyoanza karibu. Mwaka huohuo watafiti wa Taasisi ya Weizmann waliripoti kinyume chake kwa ioni moja ya strontiamu: iliyo baridi zaidi kupata joto upesi zaidi. Katika majaribio ya namna hii ioni hushikiliwa na uga wa umeme, na leza ndizo zinazozipoza, kuzigeuza na kuzisoma. Watafiti wa pande zote za dunia sasa hulitamka jina la Mpemba, wengi wao bila kujua Magamba iko wapi.

Kwa mwanaisimu kuna mambo mawili hapa. La kwanza ni dogo: tukisema athari ya Mpemba, msomaji anaweza kudhani ni madhara yaliyoletwa na mtu wa Pemba. Neno athari limeelemea upande wa dhara, na jina Mpemba katika Kiswahili lina maana yake nyingine. Tokeo la Erasto Mpemba ni salama zaidi. La pili ni kubwa: maarifa haya yalikuwamo katika biashara ya Tanga kabla hayajawa swali la fizikia. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyosababisha kicheko cha darasani. Nasema kwamba baina ya muuza aiskrimu na kitabu cha fizikia hapakuwa na daraja la maneno, na aliyevuka alivuka kwa ukaidi wake. Hatuwezi kujua ni wangapi waliofika ukingoni wakarudi. Istilahi ni daraja hilo.

6. Mtego, kibano au koleo?

Sasa turudi kwenye jina la chombo chenyewe. Maneno matatu yanashindania nafasi.

Mtego ni neno linalojitokeza kwanza. Lina ubaya wa kuleta fikra za hila na madhara, na lina uzuri wa kueleweka na wote. Zaidi ya hayo, mtego hukaa mahali ulipotegwa. Anayekuja ni mnyama. Sifa hiyo inaifaa mitambo inayozuia chembe mahali pamoja, iwe kwa mwanga au kwa umeme. Kwa hiyo mtego wa ioni ni istilahi nzuri.

Kibano ndilo jina la kile kifaa kidogo cha kunyofolea mwiba, na ni tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Kiingereza la mwali wa Ashkin. Lakini kitenzi bana kinadai taya mbili na kufinywa. Mwanga haufinyi. Mwanafunzi aliyefundishwa kibano cha mwanga atatafuta taya ya pili, na hataiona.

Koleo ni chombo cha mhunzi, na Ufipa ni nchi ya uhunzi. Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo zinazoitwa malungu, nyingine zikifikia kimo cha mita 3 hivi, na mabaki yake bado yanaonekana nchini humo. Mhunzi hashiki chuma cha moto ili akifinye. Hukishika kwa koleo kwa sababu mkono hauwezi kukigusa, akakigeuza, akakihamisha kutoka motoni hadi kwenye fuawe. Hiyo ndiyo kazi ya mwali wa Ashkin: kushika kisichogusika na kukipeleka kinakotakiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa na wa Marekani walitumia miali ya namna hiyo kuzihamisha atomi mojamoja hadi kupanga safu kamili za atomi zipatazo 50. Na mwaka 2025 watafiti wa California walitangaza safu ya atomi 6,100 za sesiamu. Safu hizi ni miongoni mwa njia zinazotafutwa za kujenga kompyuta za kwanta.

Pingamizi lipo, na ni la haki: katika sehemu nyingi za Tanzania koleo ni chombo cha kuchotea mchanga na zege. Mwanafunzi wa Kasesya anaweza kukifikiria hicho kwanza. Nimelipima pingamizi hili, nami naona halibatilishi istilahi, kwa sababu hata koleo hilo la pili huchukua kitu na kukihamisha. Maana zote mbili zinaelekea kwenye kubeba. Inatosha mwalimu aanze kwa kusema koleo la mhunzi.

Kwa muhtasari, napendekeza mgawanyo huu: bonde la nishati kwa umbo linaloishikilia chembe, mtego kwa mtambo unaoizuia mahali pamoja, koleo la mwanga kwa mwali unaoishika na kuihamisha, na upoozaji kwa leza kwa kazi ya kuituliza. Mtego hukaa, koleo hubeba. Anayezitofautisha istilahi hizi amekwisha kuitofautisha mitambo yenyewe.

Yapo pia maneno ambayo hatuna sababu ya kuyaundia mbadala. Leza, fotoni, ioni na kwanta yamekwisha kuvaa sauti za Kiswahili, na hayana picha ya nyumbani inayoyazidi. Kuyang'oa kwa ajili ya usafi wa lugha kungemwongezea mwanafunzi mzigo bila kumwongezea nuru. Tukope jina pale ambapo jina halielezi kitu katika lugha yoyote. Tuunde kwa maneno yetu pale ambapo picha yetu inaeleza kazi.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba fizikia ya kushika chembe kwa mwanga inaweza kuelezwa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kwa kani, bonde, kupoa na koleo, bila kuipunguzia ukweli wake. Kazi iliyobaki ina sehemu tatu. Wanaisimu wakutane na wanafizikia kabla istilahi hazijachapishwa, si baada yake. Baraza la Kiswahili la Taifa na vyuo vyetu viziingize dhana za baada ya 1990 katika kamusi za sayansi. Na wanafunzi wa isimu waende kwa mafundi, kwa wahunzi na kwa wakulima, wakakusanye vitenzi vya kazi, kwa maana ndimo maelezo ya sayansi yanamolala yakisubiri kuamshwa.

Swali la Erasto Mpemba lilichukua miaka 6 kutoka jokofu la shule hadi makala ya kitaaluma. Mwanafunzi wa Kasesya mwenye swali lake leo ana haki ya njia fupi zaidi. Kumpa maneno ya kuulizia ni wajibu wetu sisi tulioichagua lugha hii kuwa taaluma.